Kodi Mbili, Pasi Moja

Wifi yangu ni fundi cherehani. Yeye anakata na kushona. Mimi natia vifungo na kupiga mapindo. Kaka yangu, ambaye ndiye mume wake, anapaka rangi nyumba za watu. Jioni akimaliza kazi, anakuja kukaa mlangoni kwetu na kutupigia domo. Hayo ndiyo maisha yetu. Sijawahi kuyalalamikia, isipokuwa hilo domo la kaka.

Chumba chetu cha kazi kiko kati ya kinyozi na muuza magodoro. Mlango wake ni wa chuma. Ukiufungua asubuhi, mtaa mzima unajua tumefika. Ndani kuna meza ya kukatia, cherehani mbili za miguu, na mashine ya umeme inayoitwa ovaloki. Hiyo ndiyo inayopiga kingo za nguo zisifumuke. Wifi aliinunua kwa jasho. Alidunduliza miaka, akavaa viatu vilevile mpaka soli zikaisha. Kila asubuhi anaifuta vumbi na kuisemesha.

"Amka mama, kazi ipo."

Mashine hiyo ndiyo iliyotupatia kazi ya kushona sare za shule. Bila hiyo tungekuwa bado tunabana suruali za watu na kubadilisha zipu.

Sasa, wifi ana mazoea mawili. La kwanza ni waya. Juu ya meza amefunga waya kutoka ukuta huu mpaka ule. Kila akianza kitambaa kipya, anakata kipande kidogo cha ukingoni, pale penye maandishi ya kiwandani. Anakibana kwa pini pamoja na kikaratasi chenye tarehe na jina la mteja. Kisha anakitundika kwenye waya.

"Wifi, utakuja kushona shuka la vipande?" nilikuwa namtania.

"Cheka tu. Mteja akija kuniambia hiki sicho kitambaa tulichokubaliana, namwonyesha waya. Anaufyata."

La pili ni pasi. Pasi yetu ilikuwa nzito, ya zamani, na kipimo chake cha moto kilikufa kitambo. Wifi akabuni ujanja. Unazijua zile risiti laini zinazotoka kwenye mashine ya dukani? Zikiguswa na moto zinakuwa nyeusi. Basi wifi aliweka risiti mezani, akaigusisha pasi. Ikiwa nyeusi papo hapo, pasi iko tayari kwa kitambaa kigumu cha kaki. Ikiwa kijivu, inafaa kitambaa laini. Risiti ikishafanya kazi hiyo, inatupwa. Na siku ambayo pasi haikuhitaji kupimwa, wifi hakuchukua risiti kabisa.

"Baki nayo tu," alimwambia mwenye duka. "Karatasi za nini?"

Wewe unayesoma, usikimbilie kucheka. Kaangalie kwanza mfuko wako, halafu uniambie risiti zako ziko wapi.

Asubuhi moja ililetwa bahasha. Kaka alikuwa bado hajaenda kazini. Aliifungua, akasoma, uso ukambadilika.

"Inatoka ofisi ya kodi," alisema.

Wifi hakuinua hata kichwa. "Kodi? Waambie nilishalipa. Ujumbe ninao kwenye simu."

"Siyo kodi ya chumba. Hii ni kodi ya serikali."

"Lo! Ile nyingine?"

Lugha yetu nayo ina vituko. Mwenye chumba anataka kodi, na serikali nayo inataka kodi. Neno ni moja, na kila mmoja anabisha hodi kwa wakati wake. Likumbuke jambo hili, tutalirudia.

Kaka alisoma barua polepole. Ofisi ilikuwa imeona pesa zote ambazo shule ziliingiza benki kwa ajili ya sare. Iliona pia fomu ambayo wifi aliijaza mwenyewe. Kwenye mapato aliandika kila kitu, hakuficha hata senti. Kwenye gharama aliacha wazi. Basi ofisi ikahesabu kwamba pesa yote iliyoingia ni faida. Kaka alipotaja kodi ya faida hiyo, mimi nilijichoma sindano kidoleni.

"Faida?" Wifi alisimama. "Faida gani? Kwani kitambaa nilipewa bure? Uzi nautoa tumboni kama buibui?"

"Sasa kwa nini hukuandika gharama?" aliuliza kaka.

"Sikuwa na risiti. Ningeandika nini? Niongope? Nilijua kama huna risiti, huna haki ya kuandika kitu."

Kaka alijikuna kichwa. "Hata mimi najua hivyohivyo."

Mwisho wa barua kulikuwa na maneno haya: kama una maelezo na ushahidi wa gharama zako, vilete kabla ya mwisho wa mwezi. Wifi aliketi, akawa anaitazama ovaloki. Sote tulielewa. Katika mali yetu yote, hicho ndicho kitu pekee ambacho kikiuzwa kingelipa kodi ile. Na kikiuzwa, kazi ya sare imekwenda, na chumba hatukiwezi tena.

Jioni ile ile, kaka alikuja na rafiki yake. Rafiki huyo sisi tunamwita Mipango, kwa sababu kazi hana, ila mipango anayo kila siku. Alibeba mfuko. Akatoa vitabu vya risiti visivyoandikwa kitu, na mhuri.

"Shemeji, unalia nini na dawa ipo?" alisema. "Tunakaa hapa, tunajaza. Kitambaa, uzi, vifungo, chochote unachotaka. Mimi mnanipa kitu kidogo, naondoka zangu. Hujaniona, sijakuona."

Kaka alimeza mate. Wifi alichukua kitabu kimoja, akasoma jina la duka lililochapwa juu.

"Duka hili liko wapi?"

"Shemeji, maswali gani tena hayo? Ni jina tu."

"Lina mlango?"

"Halina."

"Lina mtu ndani?"

"Shemeji bwana!"

"Basi mimi kitambaa nilikinunua hewani." Wifi alimrudishia kitabu chake. "Wakati siogopi kitu sikuandika uongo. Leo naogopa, ndiyo niuandike? Chukua mhuri wako, nenda."

Mipango alinuna. Alipofika mlangoni akageuka. "Haya. Ukishindwa niite. Nitakutafutia mnunuzi wa hiyo mashine."

Wifi aliufunga mlango wa chuma kwa kishindo mpaka kinyozi akachungulia. Nilijivunia wifi yangu, nasema kweli. Lakini kujivunia hakulipi kodi, na tarehe zilikuwa zinakimbia.

Kesho yake alikuja mteja wetu, Mama Pacha. Huyu ni mhasibu wa kampuni inayouza vifaa vya ujenzi. Alikuja kujaribu gauni la arusi ya mdogo wake. Alipanda juu ya kigoda, wifi akapiga magoti kupima pindo. Pini ikamteleza, ikamchoma mteja mguuni.

"Aaa! Fundi!" Mama Pacha aliruka. "Leo unashona gauni au unanishona mimi?"

Wifi akaangua kilio. Machozi, pini mdomoni, futi ya kupimia shingoni. Ikabidi mimi nieleze habari yote: barua, fomu, mashine, na Mipango na mhuri wake.

Mama Pacha alishuka kwenye kigoda na gauni lake limebanwa nusu. Akavuta kiti.

"Nani amekwambia huna risiti huna gharama?"

"Kila mtu," alisema wifi.

"Huyo kila mtu hana ofisi ya kodi. Nisikilize, fundi. Risiti ni shahidi mzuri kuliko wote. Lakini siyo shahidi pekee. Ofisi inataka kujua ulinunua nini, kwa nani, lini, kwa bei gani, na kwa ajili ya kazi ipi. Ukiweza kuonyesha hayo kwa njia nyingine ya kweli, watakusikiliza. Simaanishi watakubali yote. Na kila mahali pana sheria zake. Kwa hiyo kabla ya kufanya lolote tunawapigia simu, tunawauliza wao wenyewe wanapokea nini."

Tukapiga palepale, namba ilikuwa kwenye barua. Aliyepokea alitujibu vizuri. Alisema leteni nakala za risiti kutoka kwa wauzaji, taarifa ya benki, ujumbe wa malipo wa simu, na barua za wauzaji zenye sahihi na namba zao. Kisichokuwa na ushahidi, kielezeni kwa maandishi, na msikichanganye na vyenye ushahidi.

Kaka aliingia wakati huo na ndoo yake ya rangi. Alisikiliza, akauliza lililokuwa linamsumbua.

"Lakini Mama Pacha, kitambaa si tulinunua kweli? Sasa vile vitabu vya Mipango vina ubaya gani?"

"Ndiyo, mlinunua kweli. Kwa nini sasa jambo la kweli mliseme kwa karatasi ya uongo? Wakigundua moja tu, hata lile la kweli hawataliamini. Na faini juu."

Kaka akaiweka ndoo chini.

Jumamosi tulikaa chini na simu ya wifi. Mama Pacha alikuja na watoto wake, tukawapa vipande vya kitambaa wacheze. Wifi alisoma ujumbe mmoja mmoja, mimi naandika. Huyu ni muuza nyuzi, aliyelipwa kwa simu. Huu ni umeme wa chumba cha kazi. Huyu ni fundi aliyetengeneza ovaloki ilipogoma. Kumbe simu ilikuwa imekumbuka kila kitu, sisi ndio tuliosahau.

"Hizi nyingine usiandike," wifi aliniambia. "Zimeandikwa kodi."

Mama Pacha aliinua macho. "Kodi gani?"

"Kodi. Kila mwezi natuma. Kodi haiingii kwenye gharama, au sivyo? Kodi ni kodi."

"Kodi ya nani, fundi?"

"Ya mwenye chumba hiki."

Mama Pacha aliweka kalamu chini. Akaanza kucheka. Akacheka mpaka watoto wake nao wakacheka bila kujua wanacheka nini.

"Fundi wewe! Hiyo ni kodi ya pango! Chumba hiki unalala humu?"

"Nitalala wapi, juu ya meza?"

"Basi ni chumba cha kazi. Unachokilipia ni gharama ya kazi. Na tena ni kubwa! Ilikuwa imebaki kidogo uitupe."

Kaka alishika kiuno. "Ngoja nielewe. Ina maana kodi inapunguza kodi?"

"Kodi ya chumba cha kazi inapunguza faida. Faida ikipungua, kodi ya serikali inapungua."

"Makubwa haya!" Kaka alichangamka mno. "Basi andika na kodi ya nyumba tunayoishi. Na viatu vyangu. Na chakula, maana fundi asipokula hashoni."

"Nyumba mnayoishi hapana, hiyo ni matumizi ya nyumbani," alisema Mama Pacha. "Chakula hapana. Viatu vyako ndiyo kabisa, labda kama anashonea viatu."

"Na mimi mwenyewe? Si gharama mimi?"

"Wewe ni hasara," alisema wifi, na hapo ndipo tuliposikia kicheko chake kwa mara ya kwanza tangu barua ile iingie.

Tuliandika upande mmoja gharama za kazi, simu na zipu zikiwemo, na matumizi ya nyumbani tukayaacha nje. Lakini Mama Pacha alipotazama, uso wake ulikuwa bado una wasiwasi.

"Sijaona vitambaa. Hapo ndipo pesa nyingi ilipokwenda."

"Vitambaa nilinunua kwa pesa taslimu," alisema wifi. "Duka la jumla, kwa mzee wa majora."

"Hatoi risiti?"

Wifi aliitazama pasi. Mimi nikaitazama pasi. Pasi ilikuwa imetulia zake mezani, haina habari.

"Anatoa," wifi alisema kwa sauti ndogo.

"Ziko wapi?"

Ikabidi nijibu mimi. "Tumepimia pasi."

Safari hii Mama Pacha hakucheka. Alisema lazima twende kwa mzee, tuombe nakala.

Jumatatu asubuhi tulikuwa dukani kwake, mimi na wifi. Majora ya vitambaa yalipangwa mpaka kwenye dari. Mzee alikuwa anapima kitambaa kwa rula ndefu ya mbao, hataki mchezo.

"Nakala?" alisema. "Mama, mimi nauza kutwa nzima. Mauzo yako nitayajuaje kati ya mauzo ya watu wote? Nikitaka kukupa risiti wewe hutaki. Karatasi za nini, karatasi za nini! Leo ndiyo umezikumbuka?"

"Mzee wangu, nimekosa. Nisaidie."

"Kukusaidia nataka. Mashine yangu inaweka kumbukumbu zote. Lakini niambie tarehe, na niambie jora gani. Bila hivyo natafuta wapi?"

Tukatoka. Wifi alisimama nje, mkono kichwani. Nani anakumbuka tarehe za mwaka mzima? Tulitembea mpaka kwenye chumba chetu. Nikafungua mlango, na kama kawaida vile vipande vikatingishika kwenye waya.

Tulivitazama. Tukatazamana.

"Wifi," nilisema, "ile tarehe unayoandika kwenye kikaratasi, ni ya lini?"

"Ya siku ninayoanza kukata. Na mimi kitambaa nikikinunua leo, nakata leo au..." Hakumaliza. Alipanda juu ya meza na viatu vyake, jambo ambalo mimi nikilifanya nafukuzwa. Akaukata waya kwa mkasi. Upande huu, upande ule. Waya mzima ukaniangukia na vipande vyake vyote.

Tulirudi kwa mzee mbio. Mimi nimejizungushia waya shingoni, rangi zote zinapepea, watu wanageuka. Kinyozi alipiga kelele, "Bi harusi huyo!" Nikampungia mkono. Sikuona haya hata kidogo.

Mzee alivaa miwani. Alishika kipande cha kwanza, akasoma maandishi ya ukingoni, akasoma tarehe. Akabonyeza mashine yake.

"Kaki. Jora hili nililiuza siku moja kabla ya tarehe hii." Mashine ikalia, nakala ikatoka. "Ni wewe. Hakuna mwingine anayechukua kaki nyingi hivi."

Kipande cha pili. Bluu. Nakala. Cha tatu. Nyeupe. Nakala. Vingine alivisukuma pembeni. "Hiki sicho changu. Hiki nacho sikioni kwenye mashine, sitakuandikia nisichokiona." Wifi aliviweka kando bila kubishana. Lakini vingi vilikuwa vyake. Kila nakala aliigonga mhuri na kutia sahihi. Alipomaliza alivua miwani, akamtazama wifi.

"Wewe mwanamke, umetunza vipande kuliko wengine wanavyotunza pesa."

"Mzee wangu, vipande vyenyewe ndivyo pesa."

Njiani tulipita kwa mama anayeuza vifungo kwenye meza ya barabarani. Yeye hana mashine ya risiti. Alituandikia barua fupi ya vitu alivyotuuzia anavyovikumbuka, akaweka sahihi na namba ya simu. Wasukuma mikokoteni waliotubebea majora hatukuwajua hata kwa sura. Gharama yao tuliieleza kwa maandishi kama tulivyoambiwa, tukaandika wazi kwamba ushahidi hatuna.

Ofisi ya kodi nilikuwa naiogopa kuliko hospitali. Kumbe ni madawati, feni na watu wanaosubiri kuitwa. Ofisa wetu alikuwa kijana mpole mwenye macho makali. Alipitia nakala, taarifa ya benki, ujumbe wa simu uliochapishwa, na barua ya mama wa vifungo. Alimpigia mama huyo simu mbele yetu. Kisha akanyanyua kipande cha kaki.

"Na hiki?"

Wifi alimweleza habari ya waya. Kijana alilinganisha tarehe ya kipande na tarehe ya nakala, akafanya hivyo kwa vipande vingine kadhaa. Akatikisa kichwa kukubali.

"Simu hii unaitumia kwa kazi tu?"

"Hapana. Nampigia hata mama yangu."

"Basi tutahesabu sehemu ya kazi peke yake. Zipu hizi hazina kitu chochote cha kuzithibitisha. Siwezi kuzikubali. Na mikokoteni vilevile."

Nilitaka kumwambia zipu hizo nimezishona mimi kwa mikono yangu hii. Wifi alinibana goti.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Nimekuletea nilichonacho. Ambacho sina, sina."

Kijana alitabasamu. "Laiti wote wangekuja hivi. Juzi nimeletewa risiti za duka ambalo halipo. Mhuri wake mzuri kabisa. Sasa mwenyewe alikuja na tatizo moja, ameondoka na mawili."

Wifi alinitazama. Sikuthubutu kumtazama, ningecheka.

Majibu yalichelewa kidogo. Siku yalipofika, Mipango alikuwa ndani ya chumba chetu. Alikuja na mtu tusiyemjua, na mtu huyo alikuwa anaishikashika ovaloki, anaizungusha gurudumu, anauliza ina umri gani.

"Shemeji, nimekuonea huruma," alisema Mipango. "Nimekuletea mnunuzi hata kabla hujaniita."

Kaka aliingia anakimbia, bahasha mkononi. Alitaka kuifungua, wifi akamnyang'anya. Akasoma mwenyewe. Midomo inacheza, sauti haitoki. Akasoma tena. Mimi nilikuwa nimeshika kifungo, nikakibana mpaka kikaniachia alama.

"Wamekubali," alisema. "Si zote. Lakini wamekubali vitambaa. Wamekubali kodi ya chumba, umeme, nyuzi. Kodi yenyewe imeshuka... imeshuka... Wifi, hii tunailipa! Tunailipa kwa pesa ya sare za muhula huu, na inabaki!"

Nilipiga kigelegele ambacho sijapiga hata kwenye arusi yangu mwenyewe. Muuza magodoro alikuja. Kinyozi alikuja, na mteja wake nyuma, amenyolewa nusu kichwa. Kaka alimnyanyua mke wake juu na futi yake na mkasi wake. Wifi akiwa huko juu alimwona yule mtu, mkono wake bado uko kwenye ovaloki.

"Wewe! Toa mkono hapo! Haiuzwi!"

"Lakini niliambiwa..."

"Haiuzwi! Leo haiuzwi, kesho haiuzwi! Mipango, mtoe mtu wako kabla sijampima shingo!"

Walitoka bila kuaga. Wifi aliwasha ovaloki, akaiacha ingurume tu, haina kitu ndani. Ilikuwa sauti tamu kuliko muziki.

Kodi tuliilipa, na hati ya malipo ipo. Mama Pacha tulimmalizia gauni lake, akang'ara arusini kuliko bibi arusi, Mungu amsamehe.

Siku hizi kwetu mambo yamebadilika. Waya tumeurudisha pale pale, na mimi simcheki mtu tena. Karibu na mlango tumetundika mfuko wa plastiki angavu wenye zipu. Risiti ikiingia, inapigwa picha kwa simu kwanza. Mama Pacha alitueleza kwamba zile laini hufifia zenyewe hata bila kuguswa na pasi. Kisha inaingia mfukoni. Muuzaji asiyekuwa na risiti anatuandikia kikaratasi chenye tarehe, bei na sahihi yake. Matumizi ya nyumbani hayaingii humo, hata kaka akibembeleza. Mwenye chumba naye sasa anatupa hati kila mwezi. Akibisha hodi na kuita "Kodi!", sote tunajibu kwa pamoja, "Ipi?"

Na tulinunua pasi mpya yenye kipimo kizima. Risiti yake ndiyo ya kwanza kuingia kwenye ule mfuko.

Juzi alikuja baba mmoja, fundi wa baiskeli, kuchukua sare ya binti yake. Alilipa, akakunja sare kwapani, akageuka kuondoka. Wifi alikuwa bado anamwandikia risiti.

"Baki nayo tu, fundi," alisema yule baba. "Karatasi za nini?"

Mimi niliinamia vifungo vyangu. Kaka, pale mlangoni, alifunika mdomo. Wifi aliichana risiti kitabuni taratibu, akaikunja, akazunguka meza, akamtilia mwenyewe kwenye mfuko wa shati. Kisha akaupigapiga ule mfuko.

"Na wewe huko kwako uwaandikie wateja," alisema. "Hii chukua, baba. Ila nakuomba kitu kimoja. Usipimie pasi."